Barua ya Mkono wa Nani?

Mtu anayetaka kukusanya barua za wanasiasa wa kale wa Marekani hana budi, kabla ya kuuliza bei, kujibu swali ambalo sisi wahifadhi nyaraka hulirudia kila siku: ni nani hasa aliyeshika kalamu? George Washington alikuwa na makatibu, akiwemo Tobias Lear, na barua zake nyingi waliziandika wao, yeye akatia saini tu. Barua ya namna hiyo ni halali, ila thamani yake huwa chini ya ile aliyoiandika mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa Andrew Jackson hata saini yenyewe si ya kutegemea, kwa kuwa sheria ya mwaka 1833 iliruhusu katibu kutia jina la rais kwenye hati za ardhi.

Kisa cha Thomas Jefferson ni cha pekee. Kuanzia mwaka 1804 alitumia mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa, hivi kwamba alipoandika barua, kalamu ya pili iliandika nakala yake papo hapo. Zote mbili, basi, ni za mkono wake.

Uhaba nao hupandisha bei. Button Gwinnett, mmoja wa watu 56 waliotia saini Azimio la Uhuru, alifariki Mei 1777 kwa jeraha la risasi alilolipata katika pambano la bastola na Lachlan McIntosh, na saini zake zinazojulikana ni takriban 50 tu. Wanaotaka seti kamili ya hao 56 hukwama kwake. Kwa maoni yangu, hata hivyo, barua ya mjumbe asiyevuma inayosimulia mjadala wa Bunge humfaa msomaji kuliko saini tupu ya Gwinnett.

Ukuukuu wa karatasi hauthibitishi kitu. Katika karne ya 19, Robert Spring wa Philadelphia alighushi barua za Washington kwenye karatasi za zamani. Mchunguzi hutazama jinsi wino ulivyoingia katika karatasi, kwani wino mpya ukiandikiwa kwenye karatasi kuukuu mara nyingi husambaa pembeni mwa herufi, kisha hudai maelezo ya mikono ambayo barua imepitia.

Ukishaipata, usiipake plastiki wala kuibandika utepe wa gundi. Iweke gizani, ndani ya jalada lisilo na asidi. Kuishika, vidole safi na vikavu vyatosha, maana glavu za pamba hupunguza wepesi wa vidole, na hapo ndipo pembe huchanika.