Ndoa imefika mwisho: ukae kwenye sulhu au uende kwa kadhi?

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu Pemba, Zanzibar, na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na daftari la skuli la mwanawe, kurasa za nyuma zimejaa hesabu zake za mwani: tarehe, kilo, fedha alizopokea. Pembeni ya baadhi ya mistari kaandika "mabati", "saruji mifuko 4", "fundi". Alikuwa ameachwa wiki mbili nyuma. Wazee walishakaa, wakaafikiana achukue kitanda, kabati na vyombo vyake, nyumba ibaki kwa mume kwa sababu kiwanja ni cha babake. Yeye akaitikia. Daftari alikuwa nalo mkobani siku ile ile, lakini aliona haya kulitoa mbele ya baba mkwe.

Watu wengi hutufikia wakiwa wameshaamua. Mmoja hataki kusikia habari ya mahkama, ataambiwa kamvua nguo mzazi mwenziwe. Mwengine hataki kusikia habari ya wazee, anataka hukumu. Sisi tunaotoa msaada wa kisheria huwauliza swali jengine kwanza: mnachogombania ni kitu gani, na huyo mwenzio atakikubali akikaa mbele yako? Jibu la swali hilo ndilo linaloonesha njia.

Sulhu kwetu ina mizizi mirefu. Suratun Nisaa, aya ya 35, inataka wanandoa wakikhitilafiana apelekwe hakamu (mwamuzi) mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Tazama vizuri hesabu hiyo: mmoja kwa mmoja. Mwanamke aliyekalishwa peke yake barazani mbele ya wajomba watano wa mumewe hakupatiwa sulhu, amepewa maamuzi. Ana haki ya kusema, "Nisubirini nimlete kaka yangu." Akishindwa kuwapata jamaa zake, aende kwa sheha (kiongozi wa serikali wa shehia), Ofisi ya Mufti au msaidizi wa sheria wa shehia yake akaombe mtu wa kukaa upande wake.

Pale sulhu inapofanywa kwa uadilifu, hakuna pahala panapoifaa zaidi ya mambo ya watoto. Kadhi ataamua hadhana, yaani nani akae na watoto awalee, na matunzo, na amri yake ina nguvu. Lakini baba anafanya kazi Unguja, mama yuko Wete: nani analipa nauli ya boti likizo ikifika? Sikukuu ya mwanzo mtoto anakula kwa nani? Simu ya baba ipokewe saa ngapi? Mambo haya huwezi kuyamaliza kwa hukumu ya kurasa mbili. Yanamalizwa na watu wawili waliochoka kugombana, wakikaa na mtu mwenye subira, pengine mara tatu au nne. Na siri ya nyumba inabaki ndani.

Wakati mzuri wa kukaa ni ndani ya eda, muda ambao mke aliyeachwa anangoja kabla ya kuweza kuolewa tena. Kwa mwanamke anayepata siku zake ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, kwa asiyepata ni miezi mitatu, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Talaka ikiwa ya kwanza au ya pili, mume bado ana nafasi ya kurejea, na mke ana haki ya makaazi na matunzo. Suratut Talaq, aya ya kwanza, inakataza kuwatoa wanawake majumbani mwao katika muda huo. Hata hivyo tunaona mara kwa mara mwanamke anafungashwa godoro siku hiyo hiyo anayoachwa, anarudi kwao bila cheti cha ndoa, bila vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila risiti hata moja. Miezi sita baadaye anadai haki yake mikono mitupu. Ndugu yangu, kama nyumba ni salama, usitoke mbio.

Kuna jambo moja linanisumbua sana katika sulhu zetu. Mume anataka kuacha, lakini mke ndiye anayeambiwa asamehe mahari aliyokuwa akidai, asamehe na matunzo ya eda, "ili mambo yaishe". Hiyo imegeuzwa khului bila ya mwenyewe kujua. Khului ni mke kuomba kutoka, akarudisha kitu mumewe akaridhia. Anayetaka kuacha akiwa ni mume, hiyo ni talaka, na mke hainunui. Kabla hujaitikia msamaha wowote, uliza: anayetaka kuachana ni nani?

Yapo mambo ambayo hayafai kukaliwa barazani hata kidogo. Palipo na kipigo au vitisho, anayepigwa hawezi kujadiliana na anayempiga. Hapo pa kuanzia ni Dawati la Jinsia polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kinachopokea waliofanyiwa ukatili, ndoa itafuata baadaye. Vilevile mume aliyeondoka miaka, hatumi matumizi wala haijulikani yuko wapi. Wazee hawana wa kukaa naye. Mke huyo anahitaji faskhi, yaani ndoa kuvunjwa kwa hukumu, na mwenye uwezo wa kuivunja ndoa kwa njia hiyo ni kadhi tu. Wapo waliongojea miaka mingi wakidhani hawana njia.

Na mali. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya Zanzibar, Namba 9 ya mwaka 2017, imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali za wanandoa palipo na mchango halisi wa mdai. Neno "halisi" ndilo linalowakwamisha wengi, maana kadhi atataka kuuona huo mchango: risiti za saruji, stakabadhi za mauzo ya karafuu, ujumbe wa fedha kwenye simu, fundi aliyelipwa na mikono yako aje aseme. Mwenzio akiwa anaficha au anakana, mahkama ina uwezo wa kumwita na kumhoji, uwezo ambao wazee hawana. Asiyeridhika na uamuzi ana rufaa mpaka Mahkama Kuu ya Zanzibar, na masuala ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi yanaishia hapo, hayavuki kwenda Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Wasio Waislamu shauri lao huanzia mahkama za kawaida.

Mahkama ina uzito wake, sitakuficha. Kesi huahirishwa, nauli inatoka, siku ya kazi inapotea, na mashahidi wanasikia yasiyowahusu. Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imeweka utaratibu wa kusaidiwa bila malipo.

Lolote mtakaloafikiana, liandikwe. Kiasi, tarehe, nani atalipa, kwa njia gani, kisha saini zenu na za mashahidi wa pande mbili. Karatasi hiyo ipelekeni kwa kadhi muombe iwe amri, maana neno la barazani likivunjwa huna pa kulishikia. Na talaka yenyewe isajiliwe, cheti kipatikane.

Yule mama wa daftari tulimsaidia kufungua madai. Kesi ilipotajwa mara ya pili, daftari likiwa mezani na fundi yuko tayari kusema, upande wa mume wakaomba wakae tena. Safari hii alikaa na kaka yake. Walikubaliana nyumba ibaki kwa mume, naye amlipe thamani ya mabati na saruji kwa mafungu, kila msimu wa karafuu, na kadhi akaiweka iwe amri. Fungu la kwanza alipolipokea, aliliandika kwenye daftari lile lile, chini ya mstari wa mabati.