Kuchoma Waya Hakuondoi Sumu

"Choma tu, moto unasafisha kila kitu." Kauli hii utaisikia sana kwa wanaookota vyuma chakavu. Waya za kompyuta na friji zinarundikwa, zinawashwa, ganda linateketea, shaba inabaki tayari kwa mizani. Inaonekana kama taka imekwisha. Sivyo hata kidogo.

Ganda la waya nyingi ni plastiki ya PVC, yenye klorini. Ikiungua kwenye moto wa wazi huzaa dioksini, sumu inayosababisha saratani, na shaba yenyewe huchochea kutokea kwake. Risasi, yaani ile metali yenye sumu, iliyo kwenye lehemu za bodi za kompyuta za zamani nayo haiishi kwa moto. Inabaki kwenye majivu na udongo, pale pale watoto wanapocheza.

Huko Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, waya zilichomwa hivyo kwa miaka mingi. Uchunguzi uliotolewa 2019 ulipima mayai ya kuku wa eneo hilo: yai moja lilitosha kuvuka mara 220 kiwango cha dioksini ambacho Ulaya inakiona salama kwa mtu mzima kwa siku. Kuku wale hawakuchoma waya. Walidonoa udongo tu.

Shaba hupatikana bila moto: ganda linachunwa kwa kisu au kwa mashine ndogo ya kumenya waya, na shaba isiyoungua hupata bei nzuri zaidi. Nawe nyumbani, tafadhali, simu mbovu na chaja zisiingie kwenye shimo la taka la kuchoma. Ziweke kando, uzipeleke kwa wanaozibomoa kitaalamu, kama WEEE Centre ya Nairobi.