Wati za kwenye boksi si mwanga utakaoupata umeme ukikatika

Wengi wakinunua balbu ya kuchaji huangalia wati tu: ya 12 lazima iishinde ya 7. Lakini wati hizo ni za umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, balbu inategemea betri yake ndogo, na hesabu inabadilika.

Chukua betri ya volti 3.7 yenye mAh 1200 (miliampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), yaani ampea-saa 1.2. Zidisha 3.7 kwa 1.2, unapata takriban wati-saa 4.4. Kwa wati 12 ingeisha ndani ya dakika 22 hivi! Ndiyo maana balbu hizi hupunguza mwanga zikiwa kwenye betri, mara nyingi hadi wati 1 au 2, na zile "saa 4" za kwenye boksi ni za mwanga huo hafifu. Uliza mAh, na lumeni (kipimo cha mwanga) inazotoa kwenye betri. Lumeni 100 zinatosha kula na kupita sebuleni; anayesoma aisogeze taa karibu na daftari.

Swichi nayo iachwe imewashwa. Ukiizima mchana kutwa balbu haichaji, halafu jioni muuza duka anaambiwa kauza feki.

Zile taa nzito za betri ya risasi zisikae wiki nyingi bila chaji: salfeti, aina ya chumvi, hugandamana kwenye sahani za risasi zilizo ndani yake, na betri haishiki chaji tena.