Je, wajua kwa nini wasanii humulika ukutani, kwa projekta, uso wa mtu asiye na makao?

Baada ya magharibi, baraza za Lamu hujaa watu. Kufika saa sita za usiku wengi wameshakwenda kwao, na anayebaki amejilaza pale mara nyingi hana kwao pa kwenda. Jiwe ni lile lile, lakini kilichokuwa kikao kimegeuka kitanda. Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza: video inayomulikwa kwa projekta haionekani mchana. Huanza kuonekana saa ile ile ambayo mtu asiye na pa kulala naye huanza kuonekana.

Anayetajwa sana kwa sanaa hii ya kumulika picha kwenye kuta na sanamu ni msanii Krzysztof Wodiczko, mzaliwa wa Warsaw, Poland, 1943. Mwaka 1986, bustani ya Union Square mjini New York ilikuwa inakarabatiwa huku maskini wa eneo lile wakisukumwa kando. Yeye akapendekeza kuzimulikia picha sanamu za marais wa zamani zilizo pale: Lincoln aonekane ameshika mkongojo, Washington yuko kwenye kiti cha magurudumu. Pendekezo hilo halikutekelezwa bustanini, lakini wazo lilieleweka. Shujaa wa shaba hutengewa nafasi katikati ya mji miaka mia na zaidi. Mtu wa nyama na damu hufukuzwa kwenye benchi lililo chini yake.

Baadaye alianza kuwaachia wahusika wenyewe waseme. Huko Tijuana, Mexico, mwaka 2001, wanawake wafanyakazi wa viwandani walivishwa kifaa kichwani chenye kamera na kipaza sauti. Kamera ilifuata kila walikogeuza kichwa, hivyo uso haukutoka kwenye picha. Nyuso zao zilijaa kuba kubwa la kituo cha utamaduni, wakisimulia waliyofanyiwa kazini na nyumbani, mbele ya umati.

Kwa nini basi mwanga, na si rangi? Kwa sababu mwanga hauachi alama. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na atakayepaka picha kwenye ukuta wa Ngome, boma kuu la mji, atajibu mashtaka. Mwanga ukizimwa, ukuta uko vile vile. Na ukuta wenyewe huongeza maneno: Ngome ile ilikuwa jela hadi 1984, kwa hiyo uso wowote utakaomulikwa pale utaonekana kama wa mtu aliyefungiwa ndani, hata msanii asipokusudia.

Ukuta wa chokaa, kwa bahati, ni skrini nzuri. Ni mweupe na haung'ai, hutawanya mwanga pande zote, basi aliye pembeni huona sawa na aliye mbele. Tatizo ni vichochoro vyetu. Picha kubwa hutaka projekta iwe mbali, na ukiongeza umbali mara mbili picha huwa na eneo mara nne, mwanga ule ule ukigawanyika robo robo. Taa moja tu ya dukani yatosha kuifuta.

Niliwahi kujaribu, kwa projekta ya kuazima, ile ya kuonyeshea mpira. Binamu yangu alikubali kujilaza barazani, kamera ikimwelekea, na uso wake ukatokea ukuta wa pili, mrefu kuliko mlango. Ufa wa plasta ulipita shavuni kama kovu. Punda aliyebeba mchanga alikatiza mbele ya projekta, kivuli chake kikameza mdomo, kikaachia macho peke yake. Watoto walishangilia.

Watu walisimama, wakatazama ukuta, wakaulizana ni nani yule. Binamu alikuwa hatua mbili nyuma yao, na hakuna aliyemsalimu. Katika mji huu, ambapo kupita baraza yenye mtu bila salamu ni utovu wa adabu! Tangu siku hiyo nina shaka na kazi hizi, japo nazipenda: uso mkubwa waweza kumficha mwenye uso.

Mzee mmoja tu ndiye aliyegeuka. Akamtazama binamu, akatazama ukuta, akarudi kwake. "Salama, mwanangu? Kumbe ni wewe yule?" Akaketi kando yake.