Je, Mashi ya nyumbani inaharibu Kifaransa cha mtoto?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akiongea lugha kama Mashi, Kilega au Kiswahili nyumbani, Kifaransa cha shule kitamshinda. Wanasema hivyo kwa kumpenda mtoto, maana Kifaransa ndiyo lugha ya mitihani na ya kazi za ofisini.

Lakini lugha moja haifukuzi nyingine kichwani. Mtoto aliyehesabu mafungu ya nyanya kwa Kiswahili, akiwa na mama yake soko la Kadutu, haanzi hesabu upya akifika darasani. Anajifunza tu majina mapya ya jambo analolielewa tayari. Kinachomlemea ni kupewa somo geni kwa lugha ngeni, vyote kwa pamoja. Hapo ndipo namwonea huruma kweli. Ama kuchanganya maneno ya lugha mbili akiwa mdogo, hilo ni kawaida.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 1, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia.

Jaribu mwenyewe jioni. Mwambie mtoto asome kwa sauti mistari mitano ya kitabu chake cha Kifaransa, kisha umwombe: "Sasa nielezee kwa Kiswahili." Akisoma bila kukwama lakini akashindwa kueleza, amekariri sauti tu. Rudieni mistari ileile polepole, mkiongea kwa lugha yenu.