Je, wajua kwa nini Chattanooga waliuziwa intaneti ya kasi na shirika la umeme?

Septemba 2010, mji wa Chattanooga katika jimbo la Tennessee, Marekani, ulitangaza intaneti ya gigabiti 1 (yaani megabiti 1,000) kwa sekunde kwa wakazi wake. Haikuwa New York wala San Francisco. Ni mji wa watu wasiofika laki mbili, kando ya Mto Tennessee, karibu na mpaka wa Georgia. Mwaka huohuo FCC, mamlaka ya mawasiliano ya serikali kuu, ilikuwa imetoka kupandisha kiwango cha chini kinachostahili kuitwa intaneti ya kasi hadi megabiti 4. Chattanooga walikuwa wanauza mara 250 ya hapo. Google, ambao wengi hudhani ndio walioanza, waliwafikia wateja wao wa kwanza wa Kansas City mwaka 2012.

Na muuzaji hakuwa kampuni ya simu wala ya televisheni ya kebo. Alikuwa EPB, shirika la umeme. Watu walewale wanaopanda nguzo baada ya mvua kurudisha umeme.

Ukiuliza ilikuwaje, utasikia habari nyingi za maono na uongozi. Ukweli ni wa kawaida zaidi, na kwa maoni yangu unavutia zaidi. Walikuwa wanatafuta namna ya kufanya taa zisizimike. Intaneti ilipanda gari lililokuwa tayari safarini.

EPB ni kifupi cha Electric Power Board, bodi iliyoanzishwa mwaka 1935 na ambayo mpaka leo ni mali ya mji wenyewe. Haizalishi umeme. Huununua kwa jumla kutoka TVA, shirika la serikali kuu lililoundwa mwaka 1933 na kujenga mabwawa katika bonde la Mto Tennessee, kisha huusambaza. Msomaji wa Tanzania afikirie Mwanza ikiwa na shirika lake la kusambaza umeme, lenye nguzo zake, mafundi wake na mita zake, likinunua umeme kwa TANESCO na kuuza rejareja kwa wakazi. Hakuna wanahisa wa mbali wanaosubiri gawio. Hilo la umiliki lishike, maana ndilo lililoamua mengi.

Sasa tuangalie usiku wa mvua. Tawi limeangukia waya. Katika mtandao wa kizamani, kikata umeme kwenye kituo cha kupozea kinaruka na laini nzima inaingia gizani, pamoja na nyumba zilizo kilomita kadhaa kutoka kwenye tawi hilo. Shirika lenyewe halijui kilichotokea mpaka wateja waanze kupiga simu. Fundi anatoka na gari, anafuata nguzo moja baada ya nyingine akimulika tochi, hadi alione tawi.

EPB walifunga swichi za kujiendesha zipatazo 1,200 juu ya nguzo zao, kila laini ikawa imegawanywa vipande vipande. Kila swichi inapima mkondo unaopita kwake. Tawi likianguka, swichi zilizo huku na huku ya hitilafu zinakata, kipande hicho peke yake kinabaki gizani, na nyumba zilizo mbele yake zinaletewa umeme kutoka laini ya jirani. Kazi hiyo huchukua sekunde chache. Aliye ndani anaona taa zimepepesa tu.

Kuna jambo moja dogo ninalolipenda katika swichi hizi. Kabla ya kurudisha umeme wote, hutuma kwanza mpigo mdogo kwenye waya ili kupima kama hitilafu bado ipo. Vifaa vya zamani vilikuwa vinajaribu kwa kurudisha umeme kamili, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku waya ukiungua zaidi kila safari. Kama umewahi kuona taa zinawaka na kuzima mara mbili tatu kabla ya giza la moja kwa moja, hayo ndiyo majaribio yenyewe, na friji yako ndiyo inayolipa.

Swichi 1,200 haziwezi kufanya hivyo bila kuwasiliana. Inabidi zijue laini ya jirani ina uwezo wa kubeba mzigo, na zijue sasa hivi, si baada ya dakika tano. Ongeza mita. EPB waliwafungia wateja wao takriban 170,000 mita zinazosoma matumizi kila baada ya dakika 15. Mita moja inatoa taarifa 96 kwa siku. Mita zote pamoja, zaidi ya milioni 16 kila siku, mahali ambapo zamani msoma mita alipita mara moja kwa mwezi. Mita zenyewe hurusha taarifa kwa redio masafa mafupi hadi kwenye vikusanyio, na kutoka hapo safari yote ni ya faiba, zile nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha taarifa kwa mwanga.

Basi wakaamua kupitisha faiba kila mahali nguzo zao zilipofika, eneo la maili za mraba takriban 600. Hesabu ya biashara inageukia hapo. Katika faiba, kioo chenyewe si ghali. Ghali ni nguzo, ruhusa za kupita, magari yenye ngazi za kunyanyua mafundi, watu wa kupanda, orodha ya wateja, ofisi ya bili. Kampuni mpya inayotaka kuleta intaneti mtaani inaanza na vyote hivyo ikiwa mikono mitupu, na bado italipa kodi ya nguzo za mwenzake. EPB walikuwa navyo tangu zama za babu zao. Na mawasiliano ya swichi na mita yanatumia sehemu ndogo mno ya uwezo wa waya. Iliyobaki ingekaa bure.

Gharama nzima ilikuwa takriban dola milioni 330. Nusu hivi, dola milioni 169, ilitoka kwenye hati fungani. Dola milioni 111 zilikuwa ruzuku ya Wizara ya Nishati, sehemu ya fedha ambazo serikali ya Obama ilimwaga mwaka 2009 kuufufua uchumi, nazo zilitolewa kwa ajili ya mtandao wa umeme. Milioni 50 nyingine kitengo cha intaneti kilikopa kwa kitengo cha umeme. Mpango wa awali ulikuwa ujenzi wa miaka kumi. Ruzuku ikaufupisha ukawa wa miaka mitatu hivi.

Kampuni za kebo hazikukaa kimya. Mwaka 2008 Comcast na chama cha kampuni za kebo cha Tennessee walikuwa mahakamani wakidai kwamba mteja wa umeme anabebeshwa gharama za biashara ya intaneti asiyoiomba. Si hoja ya kipuuzi. Bibi mwenye taa mbili na redio kwa nini alipie filamu za jirani yake? EPB walijibu kwa vitabu vya hesabu: kitengo cha intaneti kinajitegemea, kinalipa mkopo wake, na kinakilipa kitengo cha umeme kwa kutumia faiba. Kesi zilitupwa. Kwa hesabu hiyo, bibi anapunguziwa mzigo na hizo filamu za jirani.

Mwanzoni gigabiti ile iliuzwa dola 350 kwa mwezi, bei ya kujionyesha zaidi kuliko ya kununulika. Baadaye ikashuka hadi dola 70 hivi, ndipo ikawa huduma ya watu. Mwaka 2015 wakaja na gigabiti 10, mwaka 2022 na 25. Hizi za mwisho mimi naziona ni tangazo kuliko hitaji; sijui nyumba gani ina kiu hiyo. Faida iliyopimika iko kwingine. Katika dhoruba ya upepo ya Julai 2012, mtandao mpya uliwaokolea takriban dola milioni 1.4 za kurudisha umeme, tukio moja tu. Mwaka 2020 Bento Lobo, profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Tennessee hapohapo Chattanooga, alikadiria kwamba miaka kumi ya mtandao huo imeuletea ukanda wake faida ya dola bilioni 2.69 na ajira takriban 9,500. Ndani ya hesabu hiyo umo umeme usiokatika: kiwanda kisichosimama, duka la nyama lisilotupa mzigo.

Afrika Mashariki tunaijua nusu ya hadithi hii. Ukipita njia kuu ya umeme wa msongo mkubwa, angalia ule waya wa juu kabisa ya minara, mwembamba kuliko wenzake. Kazi yake ni kupokea radi. Katika njia nyingi siku hizi, ndani ya waya huo mna nyuzi za faiba. TANESCO waliziweka ili vituo vyao vizungumze, na sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano inapita humohumo. Kenya Power nao hukodisha faiba iliyo kwenye njia zao kwa kampuni za simu, na nguzo zao mijini zimebeba nyaya za watoa intaneti. Kwa hiyo wazo lilelile lipo huku. Tofauti ni kwamba huku faiba ya umeme ilibaki kuwa barabara kuu kutoka mkoa hadi mkoa. Haikushuka kwenye nguzo ya mtaani, kwa sababu huko chini umeme wenyewe haukuwa na cha kuzungumza. Mita nyingi za LUKU, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, unaingiza tarakimu kwa kidole. Swichi nyingi zinafungwa na fundi kwa mkono.

Je, mji wowote wenye shirika la umeme ungeweza kufanya hivyo? Hapana, na mfano upo. Provo, katika jimbo la Utah, nao wana umeme wao wa mji, nao walijenga mtandao wa faiba miaka ya 2000 kwa hati fungani za takriban dola milioni 39. Lakini sheria ya Utah ya mwaka 2001 iliwabana wauze kwa jumla tu. Ilibidi wapitie kampuni za kati, zikaja na kuondoka, mteja hajui amlalamikie nani. Mwaka 2013 mji uliwauzia Google mtandao mzima kwa dola 1. Deni likabaki kwa wakazi, wakilipa dola 5.35 kila mwezi kwenye bili zao za mji, awe anatumia intaneti au hatumii. Nguzo walikuwa nazo na faiba walikuwa nayo. Mteja hakuwa wao.

Hata Chattanooga kwenyewe, faiba kupita mlangoni hakukumaanisha kila mtu ameunganishwa. Mwaka 2015 EPB walianza kuwauzia wenye kipato kidogo megabiti 100 kwa dola 26.99; chini ya hapo walibanwa na sheria ya jimbo inayokataza mashirika ya miji kuuza chini ya gharama. Mwaka huohuo taasisi ya Enterprise Center ilileta Tech Goes Home, mpango uliozaliwa Boston: mtu alihudhuria mafunzo ya saa 15, kisha akauziwa kompyuta kwa dola 50. Waliokuja wengi hawakuwa na shida ya kasi. Walitaka kujua namna ya kujaza fomu ya kazi mtandaoni na ya kufuatilia maendeleo ya mtoto shuleni.

Kisha korona ikafunga shule. Hapo ndipo mji ulipovuna kweli. Julai 2020 EPB, shule za wilaya ya Hamilton na wafadhili walitangaza intaneti ya bure kwa nyumba za wanafunzi takriban 28,000 waliokuwa wakistahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, si kwa msimu wa karantini bali kwa miaka kumi. Miji mikubwa ilikuwa inahangaika kugawa modemu za simu zinazokatika somo likiwa katikati. Chattanooga kilichokuwa kinasubiriwa ni fundi kuvuta waya kutoka nguzo iliyo mbele ya nyumba.

Bado kuna mstari ambao faiba haivuki. Sheria ya Tennessee inaruhusu shirika la umeme la mji kuuza intaneti ndani ya eneo lake la umeme tu. Ukikaa nje kidogo ya eneo hilo, hata kama nguzo ya mwisho ya EPB unaiona kutoka barazani, huuziwi. Mwaka 2014 EPB waliomba FCC iondoe kizuizi hicho, pamoja na mji wa Wilson wa North Carolina uliokuwa na tatizo lilelile. Februari 2015 FCC wakakubali. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikatengua: jimbo ndilo lenye neno juu ya miji yake.

Mwaka uliofuata bunge la Tennessee lilipitisha sheria mpya ya intaneti vijijini. Vyama vya ushirika vya umeme, ambavyo awali vilikatazwa, vikaruhusiwa kuuza intaneti kwa wanachama wao, na baadhi vimeshajenga kwa mtindo uleule wa nguzo, swichi na faiba. Mashirika ya umeme ya miji, EPB likiwemo, yaliachwa ndani ya mipaka yao.