Modeli ya jengo au ramani ya karatasi: tofauti hasa ni ipi?

Wengi hudhani tofauti ni kompyuta na karatasi. Sivyo. Ukichora kwa kompyuta mistari miwili sambamba ukasema huo ni ukuta, bado umechora ramani ileile ya zamani. Ulichobadilisha ni kalamu tu. Mstari haujui kuwa ni ukuta. Anayejua ni msomaji wa ramani.

Modeli ya taarifa za jengo, maarufu kwa kifupi cha Kiingereza, BIM, huundwa kwa vitu. Ukuta unaingia ukiwa ukuta, pamoja na unene, kimo na aina ya tofali. Dirisha limefungwa kwenye ukuta wake. Ukisogeza ukuta, nalo linafuata. Ramani ya sakafu, ya mkato (jengo likionekana kama limekatwa wima) na ya sura ya mbele zote hutolewa kwenye modeli hiyo moja. Wazo lenyewe ni la zamani: Charles Eastman, profesa wa usanifu majengo wa Marekani, alilieleza tangu miaka ya 1970.

Tuseme mwenye nyumba anataka dirisha lipandishwe sentimita 30. Kwenye karatasi, mchoraji anachukua wembe, anakwangua wino taratibu asije akatoboa, kisha anachora upya. Anarudia kwenye mkato, halafu kwenye jedwali la madirisha. Akiusahau mkato, fundi atakayeushika atajenga kwa kimo cha zamani, na huwezi kumlaumu.

Pabaya zaidi ni pale ramani zinapotoka kwa watu tofauti. Bomba la maji taka la milimita 110 limepita vizuri kwenye ramani ya mabomba. Boriti nayo imekaa vizuri kwenye ramani ya mhandisi. Zinagongana juu ya dari, na wa kwanza kugundua ni anayeambiwa atindue zege. Wakongwe walibandika karatasi zinazopenya mwanga moja juu ya nyingine, wakazikagua juu ya taa. Modeli zikiunganishwa, programu huonyesha mgongano kabla zege halijamwagwa.

Hata hivyo, mimi huanza na penseli. Modeli inakuuliza unene wa ukuta kabla hujaamua kama ukuta wenyewe unahitajika. Tena kosa uliloliingiza litatokea kwenye kila ramani, nadhifu kabisa, na unadhifu huo hulaghai macho. Kwa nyumba ndogo yenye mchoraji mmoja, ramani nzuri za karatasi zinatosha. Gharama ya programu na mafunzo hairudi. Hospitali yenye mabomba ya oksijeni na nyaya kila dari ni habari nyingine. Uingereza iliifanya BIM kuwa sharti kwa miradi ya serikali kuu mwaka 2016.

Karatasi haijaondoka hata huko. Ramani zinachapishwa, zinafika kwenye ujenzi, zinajaa vumbi la saruji, na msimamizi anazisahihisha kwa kalamu. Alama hizo zisiporudishwa kwenye modeli, baada ya wiki chache modeli inaonyesha jengo ambalo halijengwi popote.